Gari la Chakula Lianzie kwa Nani?

Kila siku ya kazi alfajiri, mbele ya maghala ya miji yote mikubwa, kuna mtu mmoja amesimama na karatasi mkononi. Magari yamekwisha pakiwa. Madereva wanapiga soga, utingo wamekaa juu ya mizigo. Wote wanamsubiri yeye aseme gari hili lianzie wapi, limalizie wapi, na duka gani liwe katikati. Akipanga vizuri hakuna atakayemshukuru, maana jambo lililokwenda sawa halionekani. Akipanga vibaya, mkate utafika dukani watu wakiwa wamekwisha kunywa chai, dizeli itakwisha kabla ya kazi kwisha, na lawama atabebeshwa dereva.

Wiki hii nataka tuizungumze historia ya kazi ya mtu huyo. Kwa hakika ni historia fupi. Watu wamekuwa wakisafirisha mizigo tangu enzi za punda na jahazi, lakini kuikalia chini kazi ya kupanga njia za magari na kuitafutia kanuni ni jambo lililoanza juzi tu, katika miaka ya 1950.

Mimi mwenyewe niliwahi kuifanya kazi hiyo, na niliifanya vibaya. Nikiwa kijana niliajiriwa ukarani wa ghala katika kampuni moja ambayo sina haja ya kuitaja, iliyokuwa ikisambaza sabuni na mafuta ya kupikia. Utaratibu niliokabidhiwa ulikuwa huu: duka lililopiga simu kwanza ndilo lililoandikwa kwanza, na gari lilifuata orodha kama ilivyoandikwa. Basi gari letu lilipita mtaa mmoja saa tatu asubuhi, likaurudia saa saba mchana, na jioni likaupita tena likiwa tupu. Siku moja dereva wetu, mtu mzima mwenye mvi, aliitazama karatasi yangu kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "hii si njia ya gari, hii ni njia ya kuku."

"Mzee, mimi nimewaandika walivyopiga simu."

"Basi wewe endelea kuwaandika walivyopiga simu. Mimi nitawapelekea walivyokaa."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka. Siku hiyo alirudi alasiri, wakati sisi tulizoea kumwona baada ya magharibi.

Kuwapelekea watu walivyokaa ni rahisi kusema. Sasa tujaribu kuhesabu. Ukiwa na maduka matatu, kuna namna sita tu za kuyapanga moja baada ya jingine. Ukiwa na matano, namna zinakuwa 120. Yakifika kumi, namna ni 3,628,800. Na yakifika 20, idadi ambayo gari moja la kawaida huimaliza kwa siku, namna za kuyapanga ni 2,432,902,008,176,640,000. Tarakimu hiyo hata mimi hapa redioni siwezi kuitamka bila kupumzika katikati. Mashine inayoweza kukagua njia milioni moja kila sekunde, usiku na mchana bila kuzimwa, ingehitaji zaidi ya miaka 77,000 kuzimaliza zote ili ituambie ipi ni fupi kuliko zote. Hapo bado hatujauliza kama mzigo wa maduka hayo 20 unaenea katika gari moja.

Mtu wa kwanza tunayepaswa kumtaja ni Mmarekani aliyeitwa George Dantzig, aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 2005. Huyu ndiye yule mwanafunzi ambaye kisa chake husimuliwa sana vyuoni: mwaka 1939, huko Berkeley, California, alichelewa kuingia darasani, akakuta maswali mawili ubaoni, akayanakili akidhani ni kazi ya kufanyia nyumbani. Aliyaona magumu kidogo kuliko kawaida, akaomba radhi kwa kuchelewa kuyarudisha. Kumbe yalikuwa maswali ambayo wataalamu wa takwimu walikuwa bado hawajayapatia majibu, na mwalimu aliyaandika kama mfano tu. Kisa hicho ni cha kweli.

Mwaka 1954 Dantzig na wenzake wawili, Fulkerson na Johnson, walitafuta njia fupi kuliko zote ya kuizunguka miji 49 ya Marekani na kurudi pale safari ilipoanzia. Waliipata, na walithibitisha kwa hesabu kwamba hakuna nyingine fupi kuliko hiyo. Ilikuwa kazi kubwa mno kwa zama zile. Lakini safari ile ilikuwa ya mtu mmoja asiye na mzigo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1959, Dantzig alishirikiana na John Ramser, aliyekuwa katika kampuni moja ya mafuta mjini Philadelphia, wakaandika juu ya magari yanayotoka kwenye bohari moja ya petroli kwenda kugawa katika vituo vingi. Hapo ndipo kazi ya yule mtu mwenye karatasi ilipoingia vitabuni, kwa sababu hapo ndipo tangi la gari lilipotiwa katika hesabu. Gari lina kiasi chake. Likijaa, limejaa, na kituo kilicho jirani kabisa itabidi kisubiri gari jingine.

Walichofanya ni kuviunganisha vituo viwiliviwili, kisha kuunganisha jozi kwa jozi mpaka tangi litoshe. Njia hiyo ilikuwa na kasoro moja ambayo hata karani asiye na shahada angeiona: ilikazana kulijaza gari kuliko ilivyokazana kufupisha safari. Unaweza kulijaza gari pomoni na bado ukalizungusha mji mzima.

Kasoro hiyo ilirekebishwa Uingereza. Mwaka 1964 walijitokeza watu wawili wa Manchester, Clarke na Wright. Wright alikuwa mtu wa chuo. Clarke alikuwa mfanyakazi wa shirika kuu la jumla la vyama vya ushirika, lile lililoanzishwa mwaka 1863 kuyauzia bidhaa maduka ya ushirika yaliyofuata mfano wa Rochdale. Rochdale ni mji ambao kila aliyewahi kuhudhuria semina ya ushirika katika nchi hizi amelisikia jina lake, mara nyingi akiwa amesinzia. Huenda ndiyo maana kanuni yao inanukia duka kuliko inavyonukia darasa. Nitaieleza, na mwenye kalamu na aandike.

Tuseme duka la kwanza liko kilomita 10 kutoka ghalani, na duka la pili liko kilomita 12. Ukilipelekea kila duka gari lake, utakwenda na kurudi kilomita 20 kwa lile la kwanza na 24 kwa la pili, jumla 44. Sasa tuseme kutoka duka moja hadi jingine ni kilomita 4 tu. Ukiyaunganisha katika safari moja, utakwenda 10, kisha 4, kisha utarudi 12, jumla 26. Umeokoa kilomita 18. Njia ya mkato ya kuipata hiyo 18 ni kujumlisha umbali wa maduka yote mawili kutoka ghalani, 10 na 12, kisha kutoa umbali uliopo kati yao, 4. Basi. Fanya hivyo kwa kila jozi ya maduka, zipange jozi kuanzia ile inayookoa zaidi, kisha ziunganishe moja baada ya nyingine, ili mradi gari halizidiwi. Jozi ikikataa kuingia, iruke, nenda inayofuata.

Ukiitazama vizuri utaona busara iliyomo. Kanuni hiyo inawaunganisha kwanza wale walio mbali na ghala lakini karibu wao kwa wao, kwa kuwa kupeleka magari mawili kijiji kimoja cha mbali ndiko kunakomfilisi mwenye mali. Wa karibu na ghala wanaweza kusubiri, hasara yao ni ndogo. Miaka sitini na zaidi imepita, na kanuni hiyo bado inafundishwa na bado inatumika.

Lakini ina sharti lake. Unahitaji kujua umbali wa kila duka kutoka kwa kila duka jingine. Kwa maduka 10 hizo ni jozi 45, unaweza kuzipima kwa rula juu ya ramani ukiwa unakunywa kahawa. Kwa maduka 200 ni jozi 19,900. Hapo hapana budi uwe na kompyuta, na kompyuta ya mwaka 1964 ilikuwa kitu cha kujaza chumba, yenye mafundi wake na umeme wake. Tena akiongezeka mteja mmoja leo, akipungua mmoja kesho, inabidi urudie kazi.

Suala la wateja kuongezeka na kupungua ndilo linalotupeleka Atlanta, katika jimbo la Georgia huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu hakuna sura nzuri kuliko hiyo katika historia hii yote.

Mjini Atlanta palikuwa na shirika la kuwahudumia wazee. Moja ya kazi zake ilikuwa kuwapelekea chakula cha mchana, kila siku ya kazi, wazee wasioweza kujipikia wala kutoka nyumbani. Desturi hiyo ya kuwapelekea watu chakula kwa gari ilianza Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikaingia Marekani mwaka 1954 kupitia Philadelphia, mji ule ule wa Ramser na petroli yake. Kwetu, mzee mgonjwa hupelekewa sahani na mtoto wa jirani, nayo hufunikwa kawa isipoe. Katika mji wa watu wasiojuana milango inabidi iwe kazi ya gari.

Shirika lilikuwa na madereva wanne na milango 200 hivi ya kubisha. Fedha zilikuwa kidogo, kompyuta haikuwapo. Na orodha ya wazee hao haikukaa kitako hata wiki moja. Huyu ametoka hospitali, aingizwe. Huyu amepata nafuu, hahitaji tena. Huyu amehamia kwa bintiye. Huyu amefariki. Kila badiliko lilipotokea, aliyekuwa akipanga njia alitia kiraka: mpya aliongezwa kwa dereva yeyote aliyeonekana kupita karibu, na aliyeondoka aliacha tundu. Kiraka juu ya kiraka, mwishowe nguo yote inakuwa viraka, na chakula kinamfikia mtu wa mwisho kimepoa.

Walioombwa kusaidia walikuwa wataalamu wa chuo cha Georgia Tech, hapo hapo Atlanta. Wawili ni John Bartholdi na Loren Platzman. Wangeweza kuandika ripoti nene inayosema nunueni kompyuta. Badala yake walikwenda kuchokoza kitu kilichokuwa kimelala vitabuni tangu mwaka 1890, pale Mtaliano Giuseppe Peano alipoonyesha kwamba mstari mmoja unaweza kukunjwa na kukunjwa tena mpaka ukaujaza mraba wote bila kuacha nafasi. Mjerumani David Hilbert alitoa wa kwake mwaka 1891, na Mpolandi Wacław Sierpiński mwaka 1912. Kwa wengi ilikuwa mistari ya kustaajabisha tu, isiyo na kazi duniani.

Aliyewahi kumtazama mama akishona mkeka atalielewa jambo hili haraka kuliko profesa. Mama anasuka ukili mmoja mrefu, kisha anauzungusha na kuushona ubavu kwa ubavu mpaka umekuwa mkeka. Tia alama ya mkaa popote juu ya mkeka huo. Alama hiyo ina mahali pake juu ya mkeka, lakini pia ina mahali pake juu ya ukili: ukiufumua na kuupima tangu mwanzo, utaikuta kwenye pima fulani. Kwa hiyo mahali popote pa mkeka panaweza kupewa namba moja tu, yaani umbali wake tangu ukili ulipoanza.

Sasa utandaze mkeka huo juu ya ramani ya mji. Kila nyumba inapata namba. Ukizipanga nyumba kwa namba zake, kuanzia ndogo hadi kubwa, umepata njia ya gari. Mstari wa Sierpiński umeshonwa kwa ujanja zaidi ya mkeka wetu, kwa sababu unaimaliza robo moja ya mji kabla ya kuingia nyingine, na ndani ya robo hiyo unaimaliza robo yake, hivyo hivyo mpaka kwenye kichochoro. Tena mwisho wake unarudi ulipoanzia, kama gari linavyotakiwa kurudi jikoni.

Kifaa walichokabidhi kilikuwa ramani ya mji yenye miraba, jedwali lililokwisha hesabiwa, na makasha mawili ya kadi za kuzungusha, yale ya Rolodex yaliyokuwa juu ya meza ya kila karani wa Kimarekani. Gharama yake yote haikufika dola 50. Akija mzee mpya, meneja anaitafuta nyumba yake kwenye ramani, anasoma ni mraba wa ngapi kwenda kulia na wa ngapi kwenda juu, anaingia kwenye jedwali, anatoka na namba. Anaandika kadi mbili. Moja anaiweka katika kasha la kwanza, linalofuata herufi za majina. Ya pili anaiweka katika kasha la pili, linalofuata namba. Kasha hilo la pili ndilo njia yenyewe. Madereva ni wanne, hesabu kadi, gawa kwa nne, kila mmoja apewe fungu lake. Mmoja akiugua, gawa kwa tatu. Hakuna ugomvi wa nani kapendelewa.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilimkumbuka yule mzee wetu wa ghalani. Kasha la kwanza ni walivyopiga simu, kasha la pili ni walivyokaa.

Wasomi hao hawakuficha udhaifu wa kazi yao. Nyumba mbili zilizo jirani juu ya mkeka zaweza kuwa mbali kwenye ukili, kwa sababu ushonaji umezitenganisha. Namba haijui kwamba kati ya mtaa huu na ule kuna reli isiyo na kivuko. Kwa wastani, nyumba zikiwa zimetawanyika ovyo, njia inayotokana na mstari huo huwa ndefu kwa asilimia 25 hivi kuliko ile fupi kabisa ambayo ingewezekana. Mwalimu wa hesabu angeweza kuikataa kwa sababu hiyo. Lakini ilipoanza kutumika Atlanta, muda wa safari ulipungua kwa asilimia 13 ukilinganisha na njia zilizokuwapo. Maana yake ni kwamba njia zilizokuwa zikipangwa kwa kichwa na viraka zilikuwa mbaya zaidi kuliko ile "mbaya" ya mahesabu, na hakuna aliyejua.

Mimi nadhani hata hiyo asilimia 13 siyo habari kubwa. Habari kubwa ni kwamba mpango ule ulikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwapo ofisini asubuhi. Mpango mzuri kabisa unaotolewa na mtaalamu mara moja kwa mwaka unaanza kuharibika siku ya pili, kwa sababu wateja ni watu, hawakai kama alama za wino. Meneja wa Atlanta hakuhitaji kumpigia simu mtaalamu kila mzee mmoja alipotoka hospitali. Tumeona wenyewe katika nchi zetu mitambo iliyoletwa kwa sherehe, ikafanya kazi mpaka aliyeifunga alipopanda ndege.

Sisemi kompyuta ni bure. Mwaka 2006 wataalamu waliitatua safari yenye vituo 85,900 na kuthibitisha kwamba hakuna fupi kuliko hiyo, jambo ambalo mwaka 1954 lingeonekana ndoto. Kampuni yenye magari maelfu ina haki ya kuhangaikia nukta ya asilimia. UPS ya Marekani iliwafundisha madereva wake kuepuka kukata kushoto, kwa kuwa huko hupita kulia mwa barabara, na anayekata kushoto husubiri wanaotoka mbele huku injini ikila mafuta. Sisi tunaopita kushoto, hasara hiyo iko kwenye kukata kulia, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kusubiri kuvuka foleni ya jioni. Katika miaka ya 2010 kampuni hiyo ilianza kuwapangia madereva wake njia kwa programu kubwa ya kompyuta. Na leo simu ya mfukoni yenye ramani inaweza kukupangia milango 20 wakati unafunga mkanda.

Hata hivyo, simu hiyo inapanga kile ilichoambiwa. Ukiipa orodha ya jana, itakupa njia nzuri ya jana, na gari litasimama mbele ya mlango ambao hauna mtu.

Pale Atlanta jambo hilo lilikuwa na utaratibu wake. Simu inapigwa asubuhi kwamba mzee fulani amefariki usiku. Meneja anazungusha kasha la kwanza mpaka kwenye jina lake, anaisoma namba, anaichomoa kadi. Anazungusha kasha la pili mpaka kwenye namba hiyo, anachomoa pacha wake. Kadi mbili zilizokuwa kushoto na kulia kwake sasa zinagusana. Dereva atatoka kwa yule wa kabla yake, atakwenda moja kwa moja kwa yule wa baada yake, na chakula cha huyo kitakuwa bado kina moto.